Majivu, Kunde na Fukusi: Namna ya Kupanga Jaribio Lisilokudanganya

Muulize mtu anayehifadhi kunde nyumbani, atakuambia: changanya na majivu, hazitabunguliwa. Huenda ni kweli. Lakini aliyechanganya kunde zake zote na majivu hana cha kulinganisha nacho. Pengine mwaka ule fukusi, wadudu wadogo wanaobungua kunde, walikuwa wachache. Pengine kunde zilikauka vizuri, au ndoo ilifungwa sawasawa. Jaribio la kisayansi ni kazi ya kuziondoa hizo "pengine" moja baada ya nyingine, na nyingi kati yake huondolewa kabla hujagusa hata punje moja.

Mwongozo huu unalifuata jaribio moja tangu swali hadi hesabu. Unaweza kulifanya shuleni au nyumbani kwa vifaa vya dukani, na ukiingiza muda wa kufuga wadudu litachukua kama wiki 10 hadi 12. Mpango wenyewe utakufaa hata kama hoja yako ni chakula cha kuku au mbolea ya mchicha.

Swali, na utabiri unaoweza kushindwa

"Je, majivu yanafaa?" si swali la jaribio. Yanafaa kwa nini, kiasi gani, ukilinganisha na nini, ukipima nini? Liandike hivi: *Je, gramu 10 za majivu ya kuni katika gramu 100 za kunde hupunguza idadi ya fukusi wapya wanaotoka, kuliko kunde zisizowekwa kitu?*

Kisha andika nadharia tete yako, yaani utabiri wa jibu, na sababu unayoamini iko nyuma yake, maana sababu ndiyo itakayokuonyesha ulinganishe na nini. Majivu yanaweza kumzuia fukusi kwa njia mbili tofauti. Ya kwanza ni asili yake yenyewe: ukali wake na namna yanavyomkausha mdudu. Ya pili ni kwamba unga wowote ule hujaza nafasi kati ya punje, mdudu akashindwa kutembea, kupata mwenzake na kutaga. Ukilinganisha majivu na kunde tupu peke yake, hutazitenganisha njia hizo kamwe. Ukiongeza chupa zenye mchanga laini mkavu, utazitenganisha.

Makundi manne ya chupa

Kundi A ni kunde na fukusi tu. Hili ndilo kundi linganishi kuu: linaonyesha kinachotokea usipofanya lolote.

Kundi B ni kunde, fukusi na majivu.

Kundi C ni kunde, fukusi na mchanga, kwa *ujazo* uleule wa majivu. Usipime kwa uzito, kwa sababu mchanga ni mzito mara kadhaa kuliko majivu na gramu 10 zake ni kijiko tu.

Kundi D ni kunde peke yake, bila fukusi. Wengi huliacha hili wakiona ni kupoteza chupa. Kazi yake ni kukujulisha kama kunde zilikuja na mayai kutoka shambani. D ikitoa wadudu ambao hukuwatia, hesabu ya chupa nyingine zote imeingia shaka.

Chukua chupa 6 kwa kila kundi la A, B na C, na chupa 3 za D. Jumla ni 21. Sababu ya kuchukua 6 badala ya 3 au 5 utaiona kwenye hesabu, na si ya kubuni.

Sharti moja hapa halina mjadala: kinachohesabiwa kuwa rudio, yaani mara moja ya kulirudia jaribio, ni chupa, si fukusi. Mtu akiweka fukusi 500 kwenye debe moja lenye majivu na 500 kwenye debe moja lisilo na majivu, hana marudio 500. Ana rudio moja kila upande. Debe la pili likiwa na unyevu zaidi, wadudu wote 500 wameathirika pamoja.

Vifaa

Chupa za kioo au plastiki angavu za mililita 400 hadi 500, zote za aina moja. Vitambaa vya pamba vya kufunika midomo na raba za kufungia (chandarua hakifai, fukusi wengine hupenya). Kunde za kula kilo 4. Mzani wa jikoni unaosoma gramu 1. Chekecheke yenye matundu ya milimita 3 hadi 4, itakayozuia kunde na kuwaachia wadudu. Chujio la chai lenye wavu mzuri. Kikombe cha kupimia mililita. Brashi ndogo ya kuchorea, lenzi ya mkono, trei 6, vichupa vidogo 18 vyenye vifuniko, daftari na kalamu ya wino. Penseli hufutika, na kufutika ni kishawishi.

Kunde za mbegu usinunue. Nyingi hupakwa dawa. Hata za kula huenda mfanyabiashara amezinyunyizia dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Ufugaji wa awali, ulioelezwa hapa chini, utalifichua hilo mapema.

Kusafisha kunde, majivu na mchanga

Fukusi wa kunde hugandisha mayai yake juu ya ganda la punje, na kiluwiluwi, yaani mtoto wa fukusi, huingia ndani moja kwa moja. Punje inaonekana nzima ilhali ndani ina mtu wake. Kwa hiyo funga kunde zote kwenye mfuko wa plastiki, uziweke kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa siku 7. Ukizitoa *usifungue mfuko* mpaka siku ya pili. Ukiufungua zikiwa baridi, unyevu wa hewa utatua juu ya punje, na kunde zako zitaanza jaribio zikiwa zimelowa.

Baada ya hapo zitandaze kivulini juu ya kitambaa, zikiwa zimefunikwa, kwa wiki moja ili unyevu wake ulingane. Kipimo rahisi: tia kunde kiasi kwenye chupa kavu pamoja na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, kunde bado ni mbichi mno kuhifadhiwa. Mwisho zichanganye zote kwenye beseni moja. Usitumie kunde za mfuko huu kwa A na za mfuko ule kwa B.

Majivu yatoke kwenye kuni za mti mmoja, yakae siku nzima mpaka yapoe kabisa, kisha yapite kwenye chujio la chai. Mchanga uoshwe mpaka maji yawe meupe, ukaushwe kwenye kikaango, upoe, nao upite kwenye chujio *lilelile*. Hivyo unga wa pande zote mbili unakuwa na chembe zisizozidi kipimo kimoja, na baadaye ukichuja, unga utapita na wadudu watabaki juu.

Kufuga fukusi wa umri mmoja

Nunua kunde zilizobunguliwa sokoni. Muuzaji atakushangaa, mpe hela yake. Angalia ganda la punje: mayai ya fukusi wa kunde ni vitone vya duara lenye urefu kidogo, vimenata. Yai lililoanguliwa huwa jeupe kabisa kwa sababu kiluwiluwi akitoboa punje hujaza ganda la yai kwa unga anaousukuma nyuma. Yai bovu hubaki angavu kama gundi iliyokauka.

Weka fukusi wazima 40 kwenye gramu 500 za kunde safi, andaa chupa mbili hivyo, uandike tarehe. Baada ya siku 7 watoe wote. Usiwasonge: viluwiluwi wakibanana wengi kwenye kunde chache, huzaliwa aina yenye kuruka sana na kutaga mayai machache, na hao hawafai kwa jaribio hili.

Ufugaji huu unakupa mambo matatu kwa mpigo. Unakupa wadudu. Unakuambia kama kunde zina dawa (wakifa wote ndani ya siku mbili, badilisha kunde). Na unakupa idadi ya siku kutoka kutaga mpaka fukusi wa kwanza kutoka *kwenye chumba chako*. Kwenye joto la nyuzi 30 ni kama wiki tatu na nusu. Penye baridi kama Iringa au Limuru itachukua muda mrefu zaidi. Iite idadi hiyo K na uiandike.

Chunguza pia kama wanatoka nyigu weusi wadogo mno, wembamba kuliko fukusi. Hao hutaga juu ya viluwiluwi vya fukusi na kuviua. Ukiwaona, tupa ufugaji huo wote uanze upya. Hakuna njia ya kuwapunguza kidogo kidogo.

Fukusi wapya wakianza kutoka kwa wingi, chekecha na uwatoe waliopo. Wanaotoka ndani ya saa 24 zinazofuata ndio wako, maana wana umri mmoja. Unahitaji majike 90 na madume 90. Waweke kwenye jokofu dakika 3 wapunguze mbio, kisha watazame kwa lenzi: ncha ya tumbo la jike, sehemu inayochungulia nyuma ya mbawa, ina michirizi miwili myeusi, mmoja kila upande. Dume hana. Ukishindwa kabisa kuwatofautisha, tumia fukusi 20 bila kuchagua kwa kila chupa, ukijua kwamba namba zako zitatawanyika zaidi.

Kura: hatua inayorukwa na wengi

Hebu fikiria unakamata fukusi mmoja mmoja kutoka kwenye beseni na kuanza kujaza chupa za A, halafu B, halafu C. Wanaokamatwa mwanzo ni wazembe na wadhaifu. Wepesi wanabaki mwisho. Bila kukusudia umeipa A wagonjwa na C mashujaa. Hakuna hesabu itakayolirekebisha hilo baadaye.

Kwa hiyo tia kwanza majike 5 na madume 5 kwenye kila kichupa kidogo, vichupa vyote 18, bila kujua kitakwenda wapi. Kisha vichanganye ndani ya sanduku. Ukifika wakati wa kuanza, chukua chochote mkono wako utakachogusa.

Mahali pa chupa nako kuna mtego. Rafu ya juu ina joto kuliko ya chini, upande wa dirisha hupata mwanga. Dawa yake ni trei. Kila trei ibebe A moja, B moja na C moja. Trei ya 1, 3 na 5 ziongezewe D moja. Chupa za trei moja hukaa pamoja, kwa hiyo joto likitofautiana linatofautiana kati ya trei na trei, huku A, B na C za trei moja zikionja hali ileile. Ndani ya trei, andika herufi kwenye vikaratasi, zikunje, tikisa kwenye kikombe, na utoe moja moja kuamua nani akae kushoto, nani katikati. "Nitapanga tu kwa kubahatisha kichwani" si kura. Kichwa cha binadamu hakibahatishi, kinapanga mistari mizuri.

Mpango huu ulizaliwa shambani. Mtakwimu Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikabiliwa na tatizo ambalo kila mkulima analijua: rutuba hubadilika ndani ya shamba moja. Akagawa shamba katika vitalu, na ndani ya kila kitalu akaamua kwa bahati nasibu kipande kipi kipate mbolea ipi. Trei zako ni vile vitalu.

Kama fukusi hawakutosha siku moja, anza trei 1 hadi 3 leo na 4 hadi 6 kesho. Usianze A zote leo na B kesho.

Siku ya 0 hadi siku ya 7

1. Pima gramu 100 za kunde kwa kila chupa, ukienda trei kwa trei.
2. Mimina gramu 10 za majivu kwenye kikombe cha kupimia, gongagonga mara 10, soma mililita. Huo ndio ujazo wa mchanga wa chupa za C.
3. Ongeza majivu kwenye B na mchanga kwenye C. Funga kifuniko, zungusha chupa mara 20. Zungusha A na D pia mara 20, ingawa hazina cha kuchanganya.
4. Weka fukusi wa kichupa kimoja kwenye kila chupa isipokuwa D. Funika kwa kitambaa na raba.
5. Bandika namba tu, 1 hadi 21. Orodha ya namba ipi ni kundi lipi iwe kwenye bahasha aliyonayo msaidizi.
6. Weka trei mbali na jua. Sisimizi wakiwa tabu, simamisha miguu ya meza kwenye makopo ya maji.

Hatua ya 3 ina siri ya jaribio zima: unalolifanyia kundi moja, lifanyie makundi yote, isipokuwa kile kimoja unachokijaribu.

Siku ya 7 pitisha kila chupa kwenye chekecheke, kisha kilichopita kwenye chujio la chai. Toa fukusi wote, andika wangapi hai na wangapi wafu, na hakikisha jumla ni 10. Rudisha unga kwenye chupa yake na kunde zake. D nayo ichekechwe, hata kama haina mtu. Baada ya hapo usiziguse tena.

Kipimo kimoja, kilichoamuliwa mapema

Amua sasa, kabla hujaona namba, kwamba kipimo kikuu ni *jumla ya fukusi wapya, hai na wafu, siku ya K jumlisha 14*. Kama ufugaji wako ulionyesha wa kwanza kutoka siku ya 24, utahesabu siku ya 38. Siku hizo 14 zinawatosha walioanguliwa kutoka mayai ya siku ya 7 kutoka nje. Ukichelewa sana utahesabu na wajukuu, ukadhani majivu yamezuia mengi kuliko ilivyo.

Maana ya kipimo inaweza kuvuruga hata jaribio la maji ya kawaida. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi Tanganyika, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto unaganda kabla ya uliopozwa. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wakachapisha majaribio yao. Ubishi haujaisha mpaka leo, na sehemu kubwa yake ni swali hili: "kuganda" ni kufika nyuzi sifuri, kutokea kwa chembe ya kwanza ya barafu, au kuwa jiwe zima? Watafiti waliolirudia mwaka 2016 walionyesha kwamba tofauti ndogo tu ya kimo cha kipimajoto, kama sentimita moja, inatosha kuleta tofauti ambayo haipo.

Siku ya kuhesabu, msaidizi achekeche, afute kunde zote kwa kitambaa kikavu ili vumbi la majivu lisikupe jibu, na akuletee wadudu kwenye bahasha yenye namba tu. Wewe uhesabu bila kujua kundi. Kipimo cha pili: changanya kunde za chupa, chota punje 100 bila kuchagua, hesabu zenye tundu. Kila fukusi anayetoka huacha tundu la duara, kwa hiyo matundu yakiwa mengi na wadudu wachache, kuna waliotoroka; angalia kitambaa.

Kusoma namba

Anza na ukaguzi kabla ya ushindi. D inapaswa kuwa sifuri. A inapaswa kuwa na wadudu wengi. Ukipata chini ya 50 kwa chupa nyingi za A, jaribio halikufanya kazi na halina la kusema kuhusu majivu.

Kisha, kwa kila trei, toa B kwenye A. Utapata tofauti 6. Kama majivu hayana athari yoyote, kila trei ingekuwa kama sarafu: nusu kwa nusu A au B kuwa na wadudu wengi. Uwezekano wa trei zote 6 kuelekea upande mmoja kwa bahati tu, upande wowote ule, ni 2 kwa 64, yaani kama asilimia 3. Hiyo iko chini ya asilimia 5 ambayo watafiti wengi huichukua kuwa mpaka. Kwa trei 5 ingekuwa 2 kwa 32, zaidi ya asilimia 6, na usingeuvuka mpaka hata majivu yakishinda kila mahali. Ndiyo maana ya 6. Trei 5 kati ya 6 zikikubali na moja ikakataa, uwezekano unaruka hadi 14 kwa 64, kama asilimia 22: hapo sema tu kwamba ushahidi hautoshi.

Ukubwa wa athari uutaje pia. Tuseme wastani wa A ni 190 na wa B ni 57 (namba za mfano tu): upungufu ni 133 kwa 190, asilimia 70. Msomaji mwenye kunde ndani anaihitaji namba hiyo kuliko ile asilimia 3.

Sasa linganisha na C. Mchanga ukipunguza karibu sawa na majivu, kazi kubwa inafanywa na kujaza nafasi, na mtu asiye na kuni anaweza kujaribu unga mwingine mkavu usio na madhara. Mchanga ukifanana na kunde tupu huku majivu yakishinda, majivu yana cha kwake. C ikikaa katikati, huenda njia zote mbili zinachangia, na hilo linaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kuondoa chupa namba 11 kwa sababu "inaharibu wastani". Chupa huondolewa kwa kasoro iliyoandikwa kabla ya kuhesabu, kama kitambaa kuchanika, na sababu yake huonekana kwenye ripoti.

Matokeo yako ni ya majivu haya, kwa kiasi hiki, kwenye gramu 100. Gunia la kilo 90 ni jambo jingine: majivu hushuka chini likibebwa, na katikati ya gunia joto ni tofauti. Kiasi nacho kinahitaji jaribio lake, kwa mfano gramu 0, 2.5, 5, 10 na 20, trei zilezile, kura zilezile.

Ukimaliza, rudisha kunde zote kwenye friza siku 7 kabla ya kuzitupa, la sivyo fukusi wako watahamia kwenye kabati la jikoni.